Brigedi ya Mablanketi

Vita vya Waingereza na Wajerumani nilivisoma shuleni Tanga, nikajibu mtihani, nikavisahau siku hiyohiyo. Sikujua kwamba iko siku nitakuja kuvipigana mwenyewe, huku Al Wukair, nje kidogo ya Doha, mama mtu mzima, nimevaa blanketi. Na kama hilo halitoshi, nilipigana upande wa kikosi ambacho hakikuwahi kupigana na mtu.

Ngoja nianze vizuri, maana nikisimulia hivi watu hudhani jua la Doha limeniingia kichwani.

Mimi ni mlinzi wa kampaundi. Kampaundi ni vila zilizozungushiwa ukuta mmoja, zenye geti moja na bwawa moja la kuogelea ambalo sisi tunaruhusiwa kulitazama. Nje ya ukuta kuna mchanga, na baada ya mchanga kuna kampaundi nyingine mbili, rangi ileile, ukuta uleule, kama sahani za seti moja. Walinzi wenzangu ni Wakenya na Waganda. Mtanzania ni mimi peke yangu na mwanamke ni mimi peke yangu, ndiyo maana wote wananiita dada, hata yule Mkenya anayenizidi mvi.

Wakati huo nilikuwa na jambo moja tu kichwani: harusi ya binti yangu. Ninaye huyo mmoja. Alikuwa anaolewa na kijana mshereheshaji, wale wanaoshika kipaza sauti kwenye shughuli za watu na kuwaamrisha wageni wapige makofi. Mtu wa kulipwa kusema! Hata salamu aliitoa kama yuko ukumbini: "Mamaaa mzaa chemaaa!" Nikamwuliza binti kwenye simu, "Huyu ni mume au ni spika?" Binti akanuna, tukakaa muda mrefu hatusemezani, mimi huku, yeye kule.

Siku aliyopiga alikuwa ametulia kabisa, na mimi mtoto wangu akitulia ndipo ninapomwogopa. Akasema, "Mama, naolewa. Bwana harusi akiingia kunipa mkono, nataka wewe uwe umekaa ubavuni mwangu. Ukija nitajua umeridhia. Usipokuja nitajua hukuridhia, na sitakuuliza tena." Nikasema nakuja. Kumpenda mkwe ningejifunza huko mbele ya safari, lakini mtoto ni wangu, nimemzaa mimi, nani mwingine akae pale?

Sasa kuja kwenyewe. Supavaiza wetu ni mtu anayesema inshallah akimaanisha hapana. Niliomba likizo, akasema inshallah. Nikaomba tena, akasema watu ni wachache, inshallah. Nilikuwa nimeanza kukata tamaa pale mwenyekiti wa kamati ya wakazi aliponifuata getini, mikono nyuma, akitembea kama anakagua gwaride.

Huyu mwenyekiti ni mzee wa Kiingereza, mhandisi mstaafu, anaishi na mwanawe vila ya pembeni mwa bwawa. Sisi tulimwita Brigedia, kwa sababu baba yake alikuwa kwenye brigedi fulani ya askari wa miguu iliyoundwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kulinda nyumbani Uingereza, na mzee alikuwa anaandika historia yake. Alikuwa anaiandika tangu kabla mimi sijafika Qatar. Ukimsalimia asubuhi, salamu inajibiwa na brigedi.

"Nasikia unataka likizo," akasema.

"Nataka, sir. Binti yangu anaolewa Jumamosi ile."

"Nitaiandikia kampuni yako barua. Ila Ijumaa yake tuna siku ya kumbukumbu ya brigedi hapa kampaundi, na ninahitaji sajini mwenye sauti. Nimekusikia ukimfokea yule kijana wa pikipiki ya chakula. Sauti ndiyo ile!"

Barua aliandika kweli, sitamsingizia. Supavaiza aliposoma jina la mwenyekiti, inshallah ikageuka kuwa ndiyo. Ikapangwa hivi: Ijumaa asubuhi nicheze usajini. Kabla ya adhuhuri basi la kampuni lilete riliva wangu, yaani mlinzi wa kunipokea zamu, nami nipande basi hilohilo mpaka uwanja wa ndege. Jioni naruka Dar, alfajiri nakamata basi la Tanga, alasiri nimekaa ubavuni mwa mwanangu nimejifukiza udi. Lakini kazi yetu ina sheria moja isiyo na huruma: mlinzi haondoki lindoni mpaka wa kumpokea ashike funguo mkononi. Ukiondoka kabla, umetoroka kazi, na tiketi ya kampuni inafutwa. Kwa hiyo maisha yangu yote yalikuwa yamening'inia kwa riliva.

Wiki ile tukaitwa klabu ya wakazi, tukapewa biskuti, tukazimiwa taa. Ukutani ikatokea picha ya wanaume waliosimama ufukweni kwenye mvua. "Yule pale ndiye baba yangu," akasema mwenyekiti, akituonyesha doa la kijivu.

Brigedi ile, akatueleza, iliundwa Wajerumani walipokuwa wameshafika ng'ambo ya pili ya bahari, na kila Mwingereza ana hakika kwamba kesho wanavuka. Vijana wenye nguvu na silaha za maana walikuwa kwingine. Waliobaki, watu wazima wenye vitambi na watoto walioandikishwa jana, wakagawanywa vikosi vitatu, wakaitwa brigedi, wakakabidhiwa kipande cha ufukwe. Wakafunga seng'enge. Wakajaza mchanga kwenye magunia. Wakajenga vibanda vya zege vyenye tundu la kutolea bunduki, na kwa vile bunduki hazikutosha, wengine wakafanya mazoezi na mipini ya mafagio. Kisha wakakaa wakaitazama bahari.

"Halafu?" akauliza Mkenya mwenye mvi.

"Halafu wakahamishiwa ufukwe mwingine."

"Huko sasa Wajerumani wakakuja?"

"Hapana."

Haya yote mzee aliyasoma kwa sauti ya maulidi, inapanda, inashuka. Kila vijana wa brigedi walipoanza kuijua kazi, wakubwa waliwachomoa wakawapeleka ng'ambo kwenye vita vya kweli, na brigedi ikaletewa wengine wasiojua hata kushika koleo. Wakafundishwa, nao wakachomolewa. Mwishowe ikaja barua, brigedi ikavunjwa, watu wakarudisha vyombo vya serikali wakaenda kwao. "Hakuna adui hata mmoja," mwenyekiti akamaliza, macho yamemlowa, "aliyekanyaga ufukwe wao!"

"Aki dada," Mkenya akaninong'oneza, "hata mimi kwa hii geti hakuna Mjerumani amewahi kunipita. Mbona sijapewa medali?"

Nikajifanya nakohoa. Wale marehemu siwabezi, kazi yao tunaijua sisi kuliko wahandisi wote wa dunia. Siku isiyo na tukio ndiyo siku njema ya mlinzi, unamshukuru Mungu unakwenda kulala. Ila hatuitungii kitabu.

Lililomfurahisha mzee kuliko yote lilikuwa la vibao. Wakati wa vita vile, Waingereza waling'oa vibao vya njia nchi nzima, ili Mjerumani akishuka na mwavuli wake asijue yuko wapi. Raia nao wakaambiwa mgeni akiuliza njia wasimwonyeshe.

"Na wenyewe walikuwa wanafikaje wanakokwenda?" nikauliza.

"Walipotea sana," akasema kwa fahari. "Na sisi tutafanya vilevile."

Mungu wangu, watu wazima! Sare zetu zilishonwa na fundi mmoja Mbangladeshi wa mtaa wa Al Mansoura, kwa mablanketi ya kahawia, yale mazito ya baridi. Fundi alinipima mabega huku akicheka peke yake, akaniuliza kama tunahamishiwa nchi ya theluji. Kofia za chuma zilikuwa mabakuli ya kuoshea mchele yaliyopuliziwa rangi ya kijani, yakafungwa kidevuni kwa kamba za viatu. Mganda mmoja mwenye kichwa kikubwa ilibidi atafutiwe sufuria. Alhamisi jioni wakafunika kwa magunia kibao cha kampaundi, kibao cha kwenye kona ya barabara, na vibati vyote vya buluu vya namba za majengo. Ukisimama nje huwezi kujua ipi ni yetu kati ya zile sahani tatu.

Ijumaa asubuhi nikaamka na begi langu tayari, limefungwa, ndani yake kitenge cha sare ya mama wa bibi harusi na udi niliomnunulia binti. Nikaliweka kibandani getini. Nikavaa blanketi. Joto lilikuwa limepungua mwezi ule, lakini kupungua kwa Doha si kupungua kwa Lushoto, na kabla sijafunga kifungo cha mwisho jasho lilikuwa limeshafika kiunoni. Akapita mke wa mkazi mmoja na kikapu, akakusanya simu zetu zote. Zama zile hazikuwa na simu za mkononi, akasema, na picha lazima ziwe za kihistoria, atazipiga yeye mwenyewe. Nikatoa yangu huku roho inaniuma.

Kisha likaja lile ambalo ningelipinga kama usajini wangu ungekuwa wa kweli. Kwa kuwa walinzi wote tulitakiwa kwenye gwaride, geti wakakabidhiwa wakazi wawili wa Kiingereza, mmoja mhasibu, mwingine mwalimu wa muziki, na bunduki za mbao. Yaani walinzi tukacheze uaskari, na wahasibu wakacheze ulinzi. Nikawafuata palepale.

"Sikilizeni," nikawaambia. "Kabla ya adhuhuri litakuja basi jeupe. Dereva Mnepali, bado mgeni njia hii. Ndani kuna msichana wa Kiganda. Msikose kuniita, tafadhali."

Wakabana visigino, wakanipigia saluti. "Tumekuelewa, Sajini!"

Nikaenda zangu gwarideni na moyo mweupe. Tulipiga doria kuzunguka bwawa. Tulilala kifudifudi nyuma ya magunia ya mchanga, tukaulenga ukuta kwa mipini ya mafagio, na watoto wa wakazi wakatupigia makofi. Nilifoka mpaka koo likakauka: kulia geuka, kushoto geuka, wewe Mganda shika sufuria yako! Kila tukipita mahali panapoonekana geti nilichungulia. Basi hakuna. Jua likasogea, basi hakuna. Nikajiambia Ijumaa barabara zina mambo yake, litakuja.

Tukaitwa kwenye chakula, ukumbini klabu. Nyama ya kopo na viazi vya kuchemsha visivyojuana na chumvi, eti ndivyo walivyokula brigedi. Sijakaa sawasawa, wale wawili wa getini wakaingia wakitembea kwa hatua za kijeshi, wamechangamka, nyuso zimewaiva kama nyanya.

"Brigedia, tunaripoti!" akapaza sauti mhasibu. "Adui alijaribu kupenya, tumemrudisha!"

Watu wakashangilia. Mwenyekiti akasimama. "Elezeni!"

"Tulishapewa taarifa za siri na Sajini wetu," akasema yule wa muziki, akaninyooshea mkono, na wote wakanigeukia wakitabasamu. "Kwamba atakuja kwa basi jeupe, amejifanya kampuni ya ulinzi. Na kweli likaja! Dereva akatuuliza hii ni kampaundi gani. Tukamwuliza neno la siri, hana. Akatuuliza njia. Tukamwambia hatujui!"

"Hata msichana alishuka akatubembeleza," mhasibu akadakia. "Ametumwa vizuri sana yule. Tukamwonyesha upande wa jangwani."

Ukumbi mzima ukalipuka makofi. Kuna aliyepiga meza. Nikainuka na bakuli langu kichwani nikasema, kwa ile sauti yao waliyoipenda, "Huyo ni riliva wangu!"

Wakazidi kucheka. Walidhani ni sehemu ya mchezo.

Mkenya ndiye aliyeelewa. Alitupa sahani, akakimbia kukitafuta kikapu cha simu. Mimi nilimshika mwenyekiti mkono wa sare, jambo ambalo halifanywi, nikamwambia, "Sir, ndege yangu. Binti yangu. Basi lile ndilo lilikuwa la kunipeleka." Nikaona uso wake unabadilika, nikadhani ameingiwa na huruma.

"Unajua," akasema, macho yanang'aa, "hili lilitokea kweli! Walinzi wa brigedi waliwahi kumzuia kamanda wao mwenyewe asiingie kambini. Ipo kwenye sura ya nne! Hatukupanga, na limetokea lenyewe!"

Nilitamani kumvua kofia nimpige nayo. Namwambia harusi ya mwanangu, ananijibu sura ya nne.

Simu yangu ilipopatikana ilikuwa imejaa simu za supavaiza. Nikampigia. Dereva alikuwa na watu wengine wa kusambaza, amezunguka kampaundi zote tatu, amefukuzwa kwa bunduki, amemrudisha riliva Sanaiya, kwenye kambi ya wafanyakazi, na kuendelea na njia zake. Nikamwambia napanda teksi sasa hivi, Mkenya atashika funguo zangu. Akasema Mkenya ana lindo lake. Nikitoka bila riliva nimetoroka, na tiketi anaifuta kabla sijafika barabara kuu. Atamtuma msichana kwa teksi. Atafika upesi, inshallah.

Nilikaa juu ya begi langu pale getini. Mwenyekiti alikuja kuniletea keki, nikamwambia sina njaa. Akasema pole. Alisema kwa moyo, nadhani, halafu akauliza kama anaweza kulitumia tukio hili kwenye utangulizi wa kitabu.

Teksi ya riliva ikaja, nayo ikapotea kama ilivyopangwa. Tuliiona kwa mbali ikiingia kampaundi ya kwanza, ikatoka, ikaingia ya pili, ikatoka, ikasimama katikati ya mchanga. Mkenya akachomoka mbio mpaka barabarani, blanketi likimpepea, akavua bakuli akalipunga juu huku akipiga kelele, "Huku! Huku! Si Wajerumani, ni sisi!" Msichana wa Kiganda alifika analia. Nikampa funguo, nikamwambia usilie mwanangu, nikapanda teksi ileile aliyoshukia.

Sikuwa na muda wa kuvua kitu. Nilishuka uwanja wa ndege na sare yangu ya kahawia, begi mkono mmoja, bakuli mkono mwingine, nikakimbia mpaka kaunta. Dada wa Kifilipino aliyekuwa pale alitazama bakuli, akanitazama mimi, akasema kwa upole kwamba wamefunga. Ndege ilikuwa bado iko chini. Nilimwomba kwa lugha zote nilizo nazo. Akasema tena kwamba wamefunga. Nikampigia supavaiza, akasema nafasi nyingine ni wiki ijayo, na safari hii hakuongeza inshallah. Tiketi ya kujinunulia mwenyewe jioni ile, kwa mshahara wa mlinzi, hata sikuuliza.

Nikampigia binti. Nyuma yake nilisikia wanawake wa kwetu wanapiga vigelegele, wanampaka hina. Nikamweleza yote, sikumficha hata moja: brigedi, vibao, mhasibu, neno la siri. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Blanketi," akasema.

"Ndiyo, mwanangu."

"Na bakuli la mchele kichwani."

"Ninalo hapa mkononi."

"Na Wazungu wamelifukuza basi lako. Kwa sababu ya Wajerumani."

"Wallahi."

Vigelegele vikapanda tena nyuma yake, vikashuka. "Mama," akasema, "si ungesema tu unaumwa."

Akakata. Nikapiga, haikupokelewa. Nikapiga tena. Nililia pale kwenye viti vya chuma, nalia kwa hasira, nalia kwa uchungu, na watu wanapita na masanduku yao wanakwenda makwao. Kisha nikakumbuka kwamba mimi nimo kwenye kundi la simu la wakazi, kwa ajili ya ujumbe wa getini, nikalifungua kutafuta ushahidi. Zilikuwepo picha chungu nzima. Iliyo safi kuliko zote aliituma mwenyekiti mwenyewe: mimi nimesimama mbele na blanketi na bakuli, Wazungu wamenizunguka, bendera juu, keki mezani, na wote tumefunua vinywa. Wao walikuwa wanacheka. Mimi ndio nilikuwa nasema huyo ni riliva wangu.

Nikaituma. Nikaandika chini yake: ona mwenyewe.

Jibu lilikuja kesho yake, alasiri ikiwa imeshapita. "Nimeona, mama. Sherehe yenu imefana. Na mimi yangu imekwisha salama."